Msikiti wa Ijumaa wa Kilwa na Mikono Iliyousimamisha Tena

Jiwe la chokaa linalochimbwa hapa Kakontwe, kando ya mji wetu wa Likasi, lilizaliwa baharini. Zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, nchi hii ambayo leo iko mbali na pwani zote mbili za Afrika ilifunikwa na maji ya bahari, na matope meupe yaliyotuama chini ya maji hayo ndiyo yaliyogandamana hata yakawa mwamba ambao wataalamu wa ardhi, pamoja na wale walio ng'ambo ya mpaka katika Zambia, wauita kwa jina la Kakontwe. Kampuni ya Union Minière, na baada yake Gécamines, zilijua thamani yake, kwani viwanda vya shaba na kobalti havina budi kupata chokaa. Walakini kazi ya chokaa iliyo kongwe kuliko hiyo ni kushikamanisha jiwe na jiwe. Na kwa kuwa sisi tunaoishi juu ya mwamba huu twasema Kiswahili, lugha iliyotufikia kutoka mashariki pamoja na misafara ya wafanya biashara na wapagazi, naona ni haki tuijue habari ya nyumba moja ya ibada, iliyoko kadiri ya kilomita 1,400 mashariki yetu, ambayo kuta zake, nguzo zake na kuba zake zote ni jiwe la bahari lililoshikwa na chokaa ya bahari, nayo ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani.

Kisiwa cha Kilwa kiko pwani ya kusini ya Tanzania, karibu kabisa na bara, katika ghuba yenye maji matulivu ambamo majahazi yaliweza kutia nanga bila ya hofu ya tufani. Tarikh ya Kilwa, ambayo imetufikia kwa njia mbili, yaani kwa nakala ya Kiarabu iliyohifadhiwa London na kwa muhtasari ulioandikwa na Mreno João de Barros katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1552, yasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka katika ukoo wa Washirazi, alikinunua kisiwa hicho kwa mfalme wa bara kwa nguo nyingi kiasi cha kukizunguka pande zote. Kisa hicho kikubaliwe kama kilivyo au kichukuliwe kuwa ni njia ya wazee ya kueleza jinsi wageni na wenyeji walivyopatana, jambo moja ni yakini: Ali bin al-Hasan alikuwa mtu kweli, kwani sarafu zenye jina lake zimefukuliwa katika udongo wa pwani, na nyingi katika sarafu za Kilwa zilikuwa za shaba, madini ambayo mtu wa Likasi hahitaji kuelezwa.

Msikiti wa kwanza ulijengwa katika karne ya 11 au ya 12, nao haukuwa mkubwa. Ulikuwa ni chumba kimoja chenye paa la bapa lililochukuliwa na nguzo tisa, zilizopangwa safu tatu za nguzo tatu tatu, na kwa mpango huo nafasi ya ndani iligawanyika mafungu 16. Haukuwa na ua wa ndani ulio wazi kama ilivyokuwa desturi ya misikiti mikuu ya Bara Arabu, Misri na Iraki. Wote walioingia walisali chini ya paa, na naona mvua za masika na jua la pwani ni sababu za kutosha za kuchagua hivyo. Mihrabu iko katika ukuta wa kaskazini, maana kwa mtu wa Afrika ya Mashariki Makka iko kaskazini, na sehemu hiyo ya kaskazini, japokuwa imefanyiwa matengenezo mengi, ndiyo asili ya jengo zima.

Ni lazima nieleze kidogo jinsi kazi ilivyofanywa, kwa maana bila ya kuijua kazi hatuwezi kuyaelewa yaliyotokea baadaye. Waashi wa pwani walikuwa na jiwe la namna mbili. La kwanza ni matumbawe magumu yaliyochimbwa nchi kavu, mabaki ya miamba ya zamani iliyoachwa na bahari, na hilo ndilo lililovunjwa vipande na kujazwa katika kuta. La pili ni tumbawe lililo hai, lililotolewa chini ya maji, ambalo likiwa bado bichi ni laini hata fundi huweza kulichonga kwa patasi atakavyo, na likikaa hewani huwa gumu. Kwa hilo walifanya miimo ya milango, mihrabu, nakshi na nguzo. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo ya miti, moto mkali ukiwaka hadi jiwe likapoteza karibu nusu ya uzito wake. Kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ilale muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ikishapakwa ukutani hunyonya hewa polepole na kurudia kuwa jiwe kama ilivyokuwa mwanzo. Paa za bapa zilitegemea boriti za mikoko, na boriti haipatikani ndefu kuliko ulivyokua mti. Kwa ajili hiyo vyumba vya majumba ya Waswahili vilikuwa vyembamba, upana wake haukupita meta tatu kwa kawaida, na aliyetaka nafasi kubwa hakuwa na hila ila kuongeza nguzo, au kuziacha boriti kabisa na kujifunza kujenga kwa upinde na kuba.

Wakati huohuo, upande mwingine wa dunia, vijiji vya Uingereza vilikuwa vikijenga makanisa ya parokia kwa shida zinazofanana na hizi. Katika wilaya ya Suffolk, iliyo mashariki ya nchi hiyo, hakuna jiwe zuri la kujengea. Mwashi alitumia gumegume aliloliokota shambani, akalishika kwa chokaa, na jiwe la kuchongwa la kufanyia nguzo na madirisha likaletwa kutoka mbali kwa gharama kubwa. Kanisa la huko huelekea mashariki kama msikiti wa Kilwa unavyoelekea kaskazini, na sheria iligawanya dhima ya matengenezo: padri alitunza sehemu ya madhabahu, na waumini wakatunza ukumbi wao wenyewe. Kwa sababu hiyo anayeingia leo katika kanisa la parokia la zama hizo haoni kazi ya mjenzi mmoja, bali aona ukuta wa karne ya 12, ubavu ulioongezwa katika karne ya 13 au ya 14, na dirisha pana lililofunguliwa katika karne ya 15, kila kizazi kikiwa kimeongeza kwa kadiri ya mali yake na haja yake. Msikiti wa Kilwa ni hivyohivyo. Asomaye kuta zake hukuta vizazi vingi, na ndiyo maana nasikitika kila nionapo unatajwa kwa jina la sultani mmoja tu.

Sultani huyo ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, ambaye alitawala katika miongo ya kwanza ya karne ya 14, siku ambazo dhahabu ya bara iliyoteremka bandari ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa kabla ya kuvuka bahari. Sarafu ya shaba yenye jina lake imechimbuliwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na pwani. Alijenga kasri ya Husuni Kubwa juu ya genge la bahari, yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Na upande wa kusini wa msikiti wa wazee akaongeza ukumbi mpya ulioushinda ule wa kwanza mara nyingi kwa ukubwa, na ubavuni mwake akaweka chumba cha mraba kilichofunikwa na kuba moja kubwa, ambayo hadi karne ya 19 hapakuwa na kuba iliyoipita kwa ukubwa katika Afrika ya Mashariki yote.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani huyo yu hai, akausifu ukarimu wake na unyenyekevu wake. Asimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha njiani siku ya Ijumaa, sultani akitoka kusali, akamwomba nguo alizozivaa; naye akarudi ndani, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Msafiri huyo asema pia kwamba majengo ya mji yalikuwa ya mbao, kauli iliyowatatiza wanachuoni wengi, kwa kuwa kuta za mawe za zama hizo zasimama mpaka leo. Mimi sioni hitilafu kubwa. Watu wengi wa mji, kama walivyo watu wengi wa kila mji, walikaa katika nyumba za miti na udongo, na wachimbuzi wamezikuta alama zake. Mgeni aliyekaa siku chache aliandika kile alichokiona kwa wingi, na jiwe lilikuwa ni la msikiti, la kasri na la matajiri.

Sasa tufike kwenye msiba. Nguzo za ukumbi mpya zilichongwa kila moja katika tumbawe moja zima, kazi ambayo hata leo humshangaza atazamaye vipande vyake. Fikiri taabu ya kulipata tumbawe la urefu huo chini ya bahari, kulitoa bila ya kuvunjika, kulivuta pwani likiwa limejaa maji, kulichonga kwa haraka kabla halijakauka, kisha kulisimamisha wima. Lakini tumbawe, hata likauke vipi, lina matundu ndani yake, na juu ya nguzo nyembamba palikuwa pamewekwa paa la uashi lenye uzito mkubwa. Tarikh yasema kwamba msikiti ulianguka katika zama zilezile za Abu al-Mawahib, isipokuwa sehemu ndogo. Fahari ya mfalme tajiri kuliko wote iliporomoka karibu mbele ya macho yake. Na watu wa Kilwa, ambao bandari yao ilijulikana Aden na Hindi, wakawa wanasali sala ya Ijumaa chini ya mahema na vibanda.

Hali hiyo haikudumu mwaka mmoja wala kumi. Zilipita tawala nyingi, na karne ya 14 ikamalizika. Yamkini biashara ilikuwa imepungua, maana miaka hiyo ndiyo tauni kubwa ilipokwisha kuzifagia nchi za Misri, Shamu na Ulaya, na wanunuzi wa dhahabu na pembe wakawa wachache. Ilipofika karne ya 15, akitawala Sulaiman bin Muhammad, aliyepewa lakabu ya al-Malik al-Adil kwa uadilifu wake, ndipo akatokea mtu mmoja, Haji Rush bin Husein, akaomba ruhusa aujenge msikiti kwa mali yake mwenyewe.

Kisa chake kimo ndani ya tarikh, na kwangu mimi ndicho kisa bora katika kitabu kizima. Sultani alikubali ombi lake, lakini kwa sharti kwamba apokee mithkali 1,000 za dhahabu kutoka kwa mfalme ili azitumie katika ujenzi, na uzito huo kwa vipimo vya leo ni zaidi ya kilo nne. Haji Rush alikuwa katika mashaka: akizitumia, thawabu aliyoitaka itagawanywa, akizikataa, hatapewa ruhusa na watu wataendelea kusali nje. Basi akazipokea, akaziweka, akaujenga msikiti mpaka ukaisha kwa fedha zake, na sultani alipofariki akazichukua mithkali zilezile akawarudishia warithi wake. Kitendo hicho kilihitaji subira ya miaka, kwani kila siku ya ujenzi watu waliweza kudhani kwamba anatumia dhahabu ya mfalme, naye akanyamaza.

Katika karne hiyohiyo, kanisa la Utatu Mtakatifu la Long Melford, huko Suffolk niliyoitaja, lilijengwa upya kwa fedha ya wafanya biashara wa nguo za sufu, na mkubwa wao alikuwa John Clopton. Wao waliagiza majina ya waliotoa yaandikwe nje ya kuta, kuzunguka kanisa, ili kila apitaye awaombee. Siwalaumu, kwa maana kwa imani yao dua ya mpita njia ilikuwa ni msaada wa kweli kwa roho ya marehemu. Na ukuta huo umetuhifadhia majina ambayo pengine yangepotea. Pale Kilwa mwenye kutoa alitaka sadaka yake ifichike, na kama mwandishi wa tarikh asingalikuwa na bidii ya kukiandika kisa chake, tungalidhani leo kwamba ukumbi wote ni kazi ya wafalme.

Na mafundi wa Haji Rush walifanya nini? Hawakujaribu kuzirudisha nguzo za tumbawe moja. Walijenga nguzo nene zaidi, za pembe nane, kwa vipande vingi vya jiwe vilivyoshikwa na chokaa, moja karibu na nyingine. Juu yake wakapitisha matao, na juu ya matao wakafunika kila fungu peke yake, hapa kwa kuba, pale kwa dari ya upinde iliyo mfano wa mtumbwi uliofudikizwa. Kwa njia hiyo uzito uligawanyika mahali pengi. Aingiaye humo hana nafasi pana mbele ya macho yake. Huona nguzo nyuma ya nguzo, na mwanga ukishuka kwa vipande. Watu wengine wamesema kwamba ukumbi huo ni mzito na kwamba ule wa Abu al-Mawahib lazima ulikuwa mzuri kuliko huu. Huenda ulikuwa mzuri kweli. Lakini mafundi hawa walikuwa wamesoma somo ndani ya kifusi, na kazi yao ndiyo inayosimama sasa, baada ya miaka karibu 600.

Wareno waliiona ingali mpya bado. Pedro Álvares Cabral alifika mwaka 1500, Vasco da Gama akaja 1502 na kumlazimisha mtawala atoe kodi ya dhahabu, na mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida akashuka na askari wake, wakauteka mji na kuupora, kisha wakajenga ngome. Mjerumani mmoja aliyekuwa katika merikebu hizo, Hans Mayr, aliacha habari za safari ambamo yatajwa misikiti ya Kilwa yenye dari za uashi, na mmoja wao akaulinganisha na ule wa Córdoba, katika Hispania. Mtu aliyekuja pamoja na waporaji ametoa ushahidi ambao hakuna rafiki angeweza kuuzidi, kwani msikiti wa Córdoba, wenye msitu wake wa nguzo na matao, ulihesabiwa miongoni mwa majengo makuu ya Ulaya.

Wareno waliiacha ngome yao mwaka 1512, lakini biashara ya Sofala haikurudi. Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, waliushambulia mji na kuwaua watu wengi. Karne ya 18 ilileta utajiri mwingine, ulio mchungu, wa kuuza watu: mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 biashara yote ikahamia Kilwa Kivinje, iliyo bara, na mji wa kisiwani ukaachiwa miti na popo.

Aliyeufumbua ukimya huo kwa elimu alikuwa Neville Chittick, mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya utafiti wa historia iliyokuwa na makao yake Nairobi, ambaye alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974 katika vitabu viwili vikubwa. Ni yeye aliyepambanua ukuta upi ni wa zama zipi, na nguzo zilizoanguka na zilizosimama. Hoja zake juu ya miaka ya Washirazi zimepingwa na wengine, na ubishi haujaisha. Lakini kwamba tarikh ya wazee na kifusi cha chini ya ardhi vyasema jambo moja kuhusu kuanguka kwa msikiti na kujengwa kwake upya, hilo twalijua kwa jasho lake na la wenyeji waliochimba pamoja naye.

Sharti nilitaje hapa jengo jingine, kwa kuwa ndani yake kanisa la Kiingereza na uashi wa Kiswahili vilikutana. Baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwezi wa Juni 1873, Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika vitabu vya kuifundisha lugha yetu, alianza kujenga Kanisa la Kristo mahali soko lilipokuwa, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo. Alitaka paa la uashi lenye upinde mmoja, bila ya nguzo za katikati, akalifanya kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Yasemekana watu wengi walitabiri kwamba litawaangukia, nalo lingaliko. Yasimuliwa pia kwamba nguzo fulani karibu na mlango zilisimamishwa juu chini na mafundi askofu alipokuwa hayuko, naye akaziacha. Steere alifariki mwaka 1882 na kuzikwa humo, nyuma ya madhabahu.

Saruji iliyomfaa Steere haifai Kilwa, na jambo hili lahitaji kusemwa kwa nguvu kila mahali penye majengo ya kale. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu na chumvi huingia na kutoka. Ukiupaka saruji umeufunga pumzi. Chumvi hubaki ndani, hufanya fuwele, na jiwe huanza kumenyeka kutoka ndani wakati uso wa nje bado waonekana mzima. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mvua, mizizi na mawimbi vilikuwa vikiyala. Ndipo waashi wa Kilwa wenyewe walipofundishwa upya kazi ya chokaa, kuta zikakandikwa kwa mchanganyiko ulio kama ule wa kwanza, na mikoko ikapandwa ufukweni ili kupunguza nguvu za bahari. Mwaka 2014 magofu hayo yalitolewa katika orodha ya hatari. Bahari haikuacha kuja, na chokaa ya juu ya kuba hulika kila masika, kwa hiyo kazi aliyoianza Haji Rush hufanywa tena na tena na waashi ambao hawatoki mbali, bali wanaishi palepale kisiwani na katika vijiji vya bara vinavyokielekea.